Ukumbi Aliouahidi Gaudence

Miaka nenda rudi Gaudence aliwaomba walimu wenzake wa historia walete mkutano mkuu wa chama chao Songea, mji wa machifu wa Wangoni. Walimtania, wakamwuliza atawalisha nini zaidi ya dagaa wa Nyasa. Mwaka huu wakakubali, naye akafia Dar es Salaam. Mwili ulipelekwa moja kwa moja kwao Lusewa, ukazikwa. Songea, alikofundisha maisha yake yote, haikumuaga.

Kazi ya kutafuta ukumbi ikamwangukia mjane wake, Walburga, naye mwalimu. Kamati ilipenda hoteli mpya yenye viyoyozi. Yeye aliutaka ukumbi wa zamani, jirani na makumbusho ya Majimaji, kwa kuwa ndio Gaudence aliowaahidi wenzake. Ila hakujua kama ataweza kukaa humo bila yeye.

Alikwenda na Nasma, mwalimu kijana wa Tunduru. Mtunza ukumbi, Mzee Rupert, aliitikia shikamoo zao huku akilitazama gauni jeusi la Walburga. Walburga akasema wana shughuli, watu kama mia mbili. Arusi ni shughuli, msiba nao ni shughuli. Kwa gauni lile, mzee alisikia msiba.

Akavua kofia, akawapa pole. Akawaonyesha mlango mpana unaopitisha jeneza bila kuliinamisha, na mahali pa kwaya. Kisha akasimama mbele, katikati.

"Marehemu analala hapa. Watu wanaingia kwa mlango huu, wanamuaga, wanatokea kule."

Nasma alitaka kumsahihisha. Walburga akamshika mkono.

"Na mke wake, baba, anakaa wapi?"

"Kiti kile cha kwanza, mama. Ili amwone vizuri."

Walburga akaenda akakaa. Machozi ambayo Lusewa hayakupata nafasi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Nasma akamvuta mzee kando, akamweleza kuwa ni mkutano tu. Mzee aliona haya, akaomba radhi mara mbilimbili, akasema labda waende hotelini, kule hakuna mambo ya misiba.

Walburga akasimama.

"Tunauchukua huu, baba. Meza kuu muiweke pembeni. Pale katikati msiweke kitu. Na watu waingie huku, watokee kule."

"Wakiuliza sababu, mama?" Nasma akanong'ona.

"Usiwaambie. Wapite tu."