Miguu Jikoni kwa Wiebrigje

Kivuko kilikuwa kimeshaachia gati. Douwe alikuwa amejificha chini, penye magari, watu wa mtaa wasimwone. Mkewe, Aukje, alisimama juu peke yake akatupungia mkono. Tuliomjibu tulikuwa wachache.

Pale kisiwani Douwe ndiye aliyekuwa fundi bomba wetu. Karibu majiko yote ya gesi ya mtaa aliyafunga yeye, hata la chumba nilichopanga mimi mtu wa kuhamahama. Kampuni ya gesi ilipotangaza kwamba itachanganya haidrojeni kidogo kwenye gesi yetu ya kawaida, na majiko yatabaki yale yale, yeye ndiye aliyepiga kelele mkutanoni.

"Hiyo gesi ni nyepesi kama umbea! Itapenya kila mahali!"

Tukamwamini. Kampuni ikajibu kwamba kabla ya kuchanganya chochote, wakaguzi watapita Jumatatu kupima kila kiungo cha bomba. Douwe akanyamaza ghafla.

Jumamosi tulikwenda kumpongeza Aukje, siku yake ya kuzaliwa. Tuliketi duara sebuleni kwao, kila mtu na kahawa yake na kipande chake kimoja cha keki. Douwe aliaga kwamba anafuata bia. Mapazia huwa hatufungi, wala jirani wa ng'ambo ya barabara hafungi, hata jikoni kwake tulikuona.

Huyo jirani, mjane Wiebrigje, alikuwa nasi. Akaacha kutafuna.

"Jamani, jikoni kwangu kuna miguu."

Tukageuka wote. Kweli, miguu miwili imetokeza chini ya kabati.

"Mama Wiebrigje, umepata mchumba!" mmoja akacheka, peke yake.

"Aukje," akasema Wiebrigje, "hizo si soksi ulizomfumia mumeo?"

Akavuka barabara, nami nyuma yake. Douwe akajitoa chini ya kabati, spana mkononi.

"Ufunguo niliwaachia mmwagilie maua, Douwe," Wiebrigje akasema.

"Kiungo kinavuja. Tangu nilipokifunga. Na si chako tu. Nilitaka nikikaze kabla hawajaja."

"Nilikwambia nasikia harufu. Ukasema pua yangu imezeeka."

Akaiweka spana sakafuni. Dirishani ng'ambo, mkewe alikuwa anatutazama, sahani ya keki bado mkononi.

Wakaguzi walibadilisha viungo karibu kila nyumba. Haidrojeni ikachanganywa, na supu ikaiva kama zamani. Douwe na Aukje wanaishi bara kwa binti yao, wanapikia umeme. Wiebrigje siku hizi anafunga mapazia. Mimi nilihama.