Mlango wa Arobaini

Sheria ya ofisi yetu ya mipango miji ilikuwa fupi: uchochoro wenye milango arobaini hupata bomba la maji. Wenye thelathini na tisa husubiri bajeti nyingine, na bajeti nyingine ina tabia ya kupotea njia.

Uchochoro wa shangazi yangu ulikuwa na milango thelathini na sita. Niliihesabu mwenyewe, mara mbili, juma langu la kwanza kazini. Nyuma yake waliishi watu zaidi ya mia tatu, maana kadiri mji ulivyofurika, kila chumba kiligawanywa kwa pazia, na kila nusu ikagawanywa tena kwa kabati. Niliyaeleza hayo kwa kurasa nne. Mkuu wangu akanirudishia.

"Fomu inauliza milango, mwanangu. Haiulizi mapazia."

Nilimkuta shangazi akitoka kuteka maji bondeni, ndoo kichwani. Aliposikia habari hakuitua.

"Kumbe shida yenu ni milango tu," alisema. "Si mngesema mapema."

Alhamisi nilirudi na mkuu kuhakiki. Milango ilikuwa arobaini. Minne ilinuka rangi mbichi, na fundi seremala, mpangaji wa shangazi, alisimama kando akiyachunguza mawingu kwa bidii. Nikaelewa. Nyuma ya ile minne hapakuwa na kitu ila kuta za mbao za vyumba vya watu.

Nilikuwa nimejiapiza kwamba katika kazi hii sitaandika uongo hata mstari mmoja.

Mkuu akagonga mlango wa mwisho. "Hodi."

Akagonga tena.

"Nani?" Sauti ya shangazi, kutoka ndani ya ukuta.

"Ofisi ya mji, mama. Tufungulie tuone."

"Siwezi, baba. Ninaoga."

Mkuu akaitazama kalamu yake. "Unaoga kwa maji gani? Si mnalia kwamba hapa hakuna maji?"

Ukuta ukafikiri kidogo.

"Ndiyo maana nachelewa kumaliza."

Fundi seremala akashikwa na kikohozi. Mkuu akainama, akakitazama kitasa kwa muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Msomi, umehesabu mingapi?"

"Watu mia tatu na kumi na wawili, mkuu."

"Nimeuliza milango."

"Ninayoiona hapa ni arobaini."

"Na mimi macho yangu ni hayo hayo." Akaandika, akapiga sahihi. Kisha akamwita fundi. "Wewe, kitasa na bawaba haviwekwi upande mmoja. Hamisha kabla watu wa bomba hawajafika."

"Leo hii hii, mzee wangu."

Tulikuwa tumekwisha kukata kona sauti ilipotufuata:

"Jamani, wameondoka? Nijifute?"