Kiti cha Nyuma cha Pijo

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1971. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Ukungu ulilala juu ya mabua ya mahindi na vumbi la barabara lilikuwa bado limelowa umande. Mwantumu, mkunga wa kijiji cha ujamaa karibu na Misima, alikuwa ndiyo kwanza anakunja mswala wake aliposikia honi.

Mhina, mfanyabiashara wa Korogwe, alikuwa amekuja na gari jekundu la milango miwili, limeinama mbele kama chui anayenyemelea. Alitaka wabadilishane: wanakijiji wachukue hilo, yeye aondoke na Pijo la kijiji, la milango minne, lililonunuliwa kwa mahindi ya misimu mitatu. Pijo hilo ndilo lililowakimbiza wajawazito hospitali ya Handeni.

Watu walipokusanyika, mwenyekiti Mwinjuma alikuwa ameshakaa kwenye usukani wa lile jekundu.

"Hili ndilo gari la kisasa," Mhina alisema. "Vijana wa Tanga wanaligombania. Pijo ni la wazee na magunia."

Mwantumu akamgeukia mama yake mwenyekiti. "Shikamoo, Bibi Chausiku. Hebu ingia kiti cha nyuma tuone."

Bibi akatia mguu mmoja, akajigonga kichwa, akarudi kinyumenyume. "Mlango mwembamba nilipita siku ya kuzaliwa, wanangu. Mara moja inatosha."

Watu waliangua kicheko. Mwinjuma alikunja uso. "Gari si kitanda, mama. Gari ni mbio!"

"Kwani Pijo halina mbio?" Mwantumu aliuliza. "Swaumu huyu alipotokwa na damu, tulifika Handeni kabla jua halijachomoza, naye amelala nyuma, kichwa mapajani mwangu. Kwenye hili ningemlaza wapi? Juu ya paa?"

"Mama mkunga," Mhina alisema, "wewe shika watoto. Magari tuachie wanaume."

Mwantumu akasema bismillahi kimoyomoyo.

"Haya, baba, nifundishe mimi nisiyejua. Kama Tanga wanaligombania, mbona umeliacha soko hilo ukatuletea sisi huku vumbini?"

Mhina akaanza kupangusa kioo kisicho na uchafu. Simeo, dereva wa Pijo, ndiye aliyejibu. "Liko mbele ya duka lake tangu Januari! Abiria wa Korogwe wakiona milango miwili wanauliza, wengine tupande wapi? Wanatafuta Pijo."

"Sawa!" Mwinjuma alifoka. "Lakini Simeo anahamia Tanga mwezi ujao. Pijo bila dereva ni banda la kuku. Hili, Mhina atanifundisha mwenyewe."

Ni kweli, hakuna mwingine aliyejua kuendesha. Swaumu akamkaza mtoto wake mgongoni.

Mwantumu alilisogelea Pijo, akafungua mlango wa nyuma.

"Mwaka juzi nilikuwa natia dole gumba," alisema. "Mkanicheka nilipokwenda darasa la jioni na kibatari changu. Leo nasoma gazeti. Simeo, mwezi mmoja unatosha kunifundisha?"

"Ukija kila siku, mama, unatosha."

"Mwanamke wa miaka hamsini!" Mwinjuma akacheka peke yake.

Mwantumu aliweka kiganja juu ya kiti, pale kichwa cha Swaumu kilipokuwa. Akapaza sauti.

"Bibi Chausiku, Swaumu, nyote mnisikie, na Mwenyezi Mungu anisikie. Naahidi: kabla mvua za vuli hazijaanza, nitaliendesha gari hili mimi mwenyewe hadi Handeni. Na kiti hiki hakibadilishwi kwa kitu chochote."