Klachi Nzito ya Mzee Apolinary

Mzee Apolinary wa Kanoni hakuwa mtu wa kulisema vibaya gari lake. Watu walipomwambia ile pikapu imechoka, yeye aliwajibu kwamba bado ni msichana. Miaka yote aliitumia kubeba ndizi za vibanja, yale mashamba ya migomba, vya Kanoni na Rugu kuzipeleka sokoni Kayanga, na msimu wa kahawa ukifika alikwenda nayo hadi Bugomora, kule Kyerwa. Kwa hiyo asubuhi ile alipoingia kwenye gereji ya Jovitus pale Kayanga na kusema klachi inamsumbua, Jovitus aliweka spana chini akamfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Iangalie vizuri. Imekuwa nzito, inanichosha mguu. Nikifika mlimani nakanyaga, lakini gia inagoma kuingia. Inakwaruza."

Jovitus alifungua boneti. Mafuta ya klachi yalikuwa yamepungua kidogo. Akaingia chini ya gari, akakuta masta ya chini, ile inayosukuma klachi kwenye gia boksi, ina unyevunyevu. Akabadilisha mipira yake, akabadilisha na ya masta ya juu, akajaza mafuta mapya na kutoa upepo wote. Alipomaliza alicheka.

"Sasa ni laini kama ndizi iliyoiva, mzee."

Haikupita wiki, Apolinary akarudi. "Bado," alisema.

Jovitus alibonyeza pedeli kwa kiganja tu, ikashuka bila ubishi. Akawasha gari, akavuta hendibreki, akatia gia ya tatu na kuachia klachi. Injini ikazima papo hapo, jambo linaloonyesha kwamba pleti inashika vizuri. Alimweleza hayo yote, lakini Apolinary alikuwa ameinamisha uso, hasikilizi.

"Shusha gia boksi," alisema.

"Mzee, sioni sababu."

"Gari ni la nani, Jovitus? Shusha."

Gia boksi ikashushwa. Pleti iliyotoka humo ilikuwa bado nene, na Jovitus aliona haya kuitupa. Hata hivyo alifunga pleti mpya, akafunga na beringi mpya, akarudisha kila kitu mahali pake. Mzee aliondoka bila kuaga vizuri, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Siku chache baadaye pikapu ilikuwa ikipanda mlima kutoka Rugu ikiwa imejaa mikungu. Juu ya mzigo alikaa Byabato, mnunuzi wa ndizi. Katikati ya mlima Apolinary alitaka kushuka gia ya kwanza. Gia ikalia, ikakataa, injini ikazima, na gari likaanza kurudi nyuma. Byabato aliruka akaangukia bega. Pikapu ikaserereka hadi kwenye mtaro, ikaegemea ukingo wa shamba la mtu, na mikungu ikamwagika barabarani. Hakufa mtu. Lakini Byabato alifungwa mkono shingoni, na pikapu ilipovutwa kutoka mtaroni, Apolinary alikwenda nayo Kayanga kwa Jovitus akiwa amewaka.

"Umenifungia vifaa feki!" alifoka mbele ya watu waliokuwa wakisubiri magari yao. "Nimekuamini tangu ukiwa unafundishwa kushika spana, leo unataka kuniua!"

Jovitus alichukua ufunguo mkononi mwa mzee, akaendesha pikapu hadi mwisho wa barabara na kurudi, akipandisha na kushusha gia zote. Hakuna iliyokwaruza. Alipofika alihamia kiti cha kushoto.

"Sasa endesha wewe, mzee. Mimi nitaangalia."

Waliondoka. Mwanzoni Jovitus alisikiliza injini. Kisha akatazama mpini wa gia. Mwisho macho yake yakashuka miguuni, na hapo akaacha kusikiliza. Kila Apolinary alipotaka kukanyaga klachi, mkono wake wa kushoto ulitoka kwenye mpini wa gia, ukashika goti na kulisukuma. Mguu ulishuka hadi nusu, ukaanza kutetemeka, ukasimama hapohapo. Mkono uliporudi kuwahi gia, mguu nao ulikuwa umeshapanda, na gia ikalia.

"Umesikia?" Apolinary aliuliza kwa ushindi. "Umesikia hiyo?"

"Nimesikia. Simama pembeni kidogo."

Gari liliposimama, Jovitus alijifuta mikono kwa kitambaa, ingawa mikono haikuwa na kitu.

"Mzee, naomba upandishe suruali. Miguu yote miwili."

"Ya nini? Wewe ni fundi wa gari."

"Naomba, baba yangu."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Apolinary alimtazama, kisha akainama na kupandisha suruali polepole. Shavu la mguu wa kulia lilikuwa la mtu aliyelima na kubeba mizigo maisha yake yote. La kushoto lilikuwa limekwisha, ngozi inaning'inia juu ya mfupa, na chini ya ngozi hiyo vijinyama vilikuwa vikichezacheza vyenyewe.

"Ni viatu," Apolinary alisema. "Hivi viatu vinabana."

Jovitus aliendelea kuutazama ule mguu.

"Tafuta kwenye gari, Jovitus. Huenda ni waya. Huenda ni springi ya pedeli."

"Gari nimelimaliza lote, mzee. Kwenye gari hamna."

Apolinary aliteremsha suruali, akailainisha kwa kiganja kana kwamba anajiandaa kuingia kanisani. Watu walipita na mizigo yao wakawasalimu, naye akawaitikia mmoja mmoja kwa sauti yake ya kila siku. Barabara ilipotulia akasema, "Usimwambie mama Gideon."

Lakini Anonciata, mkewe, hakuhitaji kuambiwa. Jovitus alipomfikisha mzee nyumbani, yeye akiwa ndiye kwenye usukani, mama alitoka jikoni na kisu cha kumenyea ndizi, akaona nani ameshuka upande gani, akasimama.

"Kwa hiyo leo mmesema," alisema.

Alikuwa ameuona ule mguu kitambo. Alimwona mumewe akiuinua kwa mikono kuupandisha kitandani, aliona kandambili ya kushoto ilivyolika kwa kuburuzwa. Alinyamaza kwa sababu mumewe naye alinyamaza. Kila mmoja alikuwa akimlinda mwenzake, na nyumba nzima ikawa inazungumza habari za klachi.

Hospitali ya wilaya iliwapeleka Mwanza. Huko walipimwa siku nyingi, na mwisho daktari, mwanamke mpole, aliwaketisha wote wawili na kuwaeleza kwamba mishipa inayoamrisha misuli inakufa, kwamba itaendelea kufa, na kwamba dawa ya kuirudisha hakuna. Apolinary aliuliza swali moja tu, kama mguu wa kulia utasalimika. Daktari alisema hapana, na mikono pia hapana. Ndani ya basi la kurudi Anonciata alimshika mkono njia nzima.

Walipofika nyumbani Apolinary alikataa kuuza pikapu. "Utaendesha wewe," alimwambia mkewe.

"Mimi? Na uzee huu?"

"Ndizi zitajibeba?"

Basi akamfundisha, kwenye njia iliyopita katikati ya migomba, yeye akiwa kiti cha kushoto na fimbo yake katikati ya magoti. Gari liliruka na kuzima, likaruka na kuzima. "Achia taratibu, mama Gideon! Unamwachia mtoto anayejifunza kutembea, hutupi gunia!" Siku moja alizima mara nyingi mno hadi wakaanza kucheka, wakacheka mpaka machozi, kisha Anonciata akagundua kwamba mwenzake hacheki tena. Akazima gari, akamfuta uso kwa ncha ya kitenge, kwa sababu mikono ya mumewe ilikuwa imeshaanza kukataa kupanda.

Baadaye mama alikwenda kujifunza rasmi Kayanga na kupata leseni. Siku ya kwanza kupeleka mzigo sokoni peke yake, Apolinary aliomba kitanda chake kisogezwe dirishani. Alisikiliza gari likitoka uani, likapanda kilima, gia ya pili, gia ya tatu, bila kelele, mpaka likapotea upande wa pili. Aliporudi, Anonciata alimkuta macho yamemvimba.

"Umepandisha gia vizuri," alimwambia kwa sauti ambayo siku hizo ilitoka kwa shida. "Hata mimi sikuwahi kupanda pale vizuri hivyo."

Alimpondea ndizi zikawa uji, akamlisha kwa kijiko kidogo, akisubiri kila mara ameze.

Apolinary alifariki msimu wa senene, wakati watu wa kijiji wanarudi asubuhi kutoka mashambani na vidumu vya senene waliowakamata usiku. Alizikwa nyuma ya nyumba, kwenye kibanja cha baba yake. Byabato alikuja, bega lake limeshapona, akabeba jeneza kwa bega hilohilo.

Mwezi uliofuata Anonciata alipeleka pikapu gereji kubadilisha oili. Jovitus alifanya kazi bila kumtazama usoni. Alipofunga boneti ndipo alipoweza kusema.

"Mama, huwa nafikiri, ningenyamaza siku ile. Angepata muda zaidi wa kuamini ni gari."

Anonciata alipanga kitenge chake kiunoni.

"Alikuwa anajua, mwanangu. Mtu hawezi kukosa kujua mguu wake. Alikuwa anakuja kwako ili umkatalie, umwambie si gari."

Jovitus alifunika uso kwa mikono yenye oili. Mama hakumharakisha. Alisimama karibu naye mpaka akatulia, akamwomba kitambaa safi, akamfuta paji la uso, kisha akapanda gari. Kule Rugu kulikuwa na watu waliokwisha kukata ndizi tangu alfajiri, wanamsubiri.