Barua ya Kukataa ya Mwalimu Qiu

Mwalimu Qiu alikuwa amefura kwa hasira. Chama cha waandika hati kwa brashi hapo mjini Shaoxing kilimwomba awe mwenyekiti, naye akajibu kwa barua kama mtu mwenye adabu zake: "Elimu yangu ni haba, mwili wangu dhaifu, sistahili heshima hii." Akakaa kungoja waje kumbembeleza. Mara ya tatu angekubali, kama desturi ya wazee inavyotaka.

Hakuja mtu. Ulikuja ujumbe wa Kang, katibu kijana wa chama: "Pole kwa kuumwa, Mwalimu. Tumempa Mzee Xue. Karibu kwenye sherehe yake Jumamosi."

"Xue!" alifoka, bakuli la supu likapinduka. "Anaandika kama kuku anayepekua jaa! Kaombwa mara moja tu, kasema ndiyo! Hana haya!"

"Si umeandika mwenyewe kwamba huna elimu?" mkewe Lanzhen aliuliza, akifuta meza.

"Ile ni adabu, mwanamke! Nani mwenye akili zake anaamini maneno yale?"

Akachukua brashi, akamwandikia Kang barua ya pili ya kukataa, maneno yaleyale, ila safari hii alimaanisha kila neno. Sherehe ya Xue asingeikanyaga hata kwa kuburutwa.

Jumamosi asubuhi Kang alibisha hodi, gari likinguruma nje. Mwalimu akakataa. Kang akainama, akatabasamu. Mwalimu akazidi kung'aka, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mama yangu amenieleza mnavyokataa nyie wazee," Kang alisema kwa heshima zote, akimfungulia mlango wa gari. "Bado mara moja, Mwalimu."