Soda Iliyolala Sakafuni

Kabla friji halijaja, alikuwa Mama Duka. Lilipokuja, jina hilo likaenda na maji, akawa Mama Baridi, naye hakulikataa. Nani akatae jina linaloleta wateja?

Friji lenyewe lilikuwa refu kumpita yeye, lina mlango wa kioo, tena la bure. Lililetwa na kampuni ya soda ya nje, kwa mkono wa bwana mmoja asiyevua tai hata jua likiwa utosini, ndiyo maana mtaa ulimwita Bwana Tai. Karatasi ya makubaliano ilikuwa na maandishi madogo kama sisimizi. Mama Baridi hakuyasoma yote. Alitia sahihi juu ya boksi la sabuni, akakimbilia kuchomeka waya. Sharti lilikuwa moja, nalo lilikuwa katikati ya sisimizi wale, Bwana Tai akamsomea friji lilipokwisha kuwaka: ndani ya friji isiingie soda nyingine ila ya kampuni ile.

Basi soda ya tangawizi, ya kiwanda cha papa hapa, ikalala sakafuni na kreti zake, ubavuni mwa magunia ya mkaa.

Na kiwandani huko ndiko alikofanya kazi kaka yake Mama Baridi, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Alikuwa mkagua chupa. Alikaa mbele ya ubao mweupe wenye taa, chupa zilizooshwa zikipita kama wanafunzi kwenye gwaride, naye akitoa yenye ufa, yenye uchafu, yenye mdudu. Macho yalizoea hivyo hata nyumbani hakunywa maji kabla hajaiinua glasi kwenye mwanga na kuizungusha. Wakwe zake walidhani anadharau vyombo vyao.

Kila alipotoka kazini alipitia dukani kwa dada yake, akakaa juu ya kreti, akanywa tangawizi moja, vuguvugu vilevile.

"Hiyo si soda, ni uji," fundi viatu wa mlango wa pili alimtania.

"Uji unashibisha. Wewe unakunywa barafu ya rangi."

"Mimi jina la soda siulizi, mzee mwenzangu. Nanunua ubaridi. Ipozeni hiyo yenu muone kama sitainywa!"

Wakacheka. Lakini siku moja kaka alikaa asicheke. Kiwandani mashine moja ilikuwa imezimwa, na kazi sasa ilikuwa ya siku tatu kwa wiki.

"Kitendawili," alimwambia dada yake.

"Tega."

"Mgeni kaja na chumba chake, mwenyeji kalala nje."

Mama Baridi akafikiri. "Konokono?"

"Konokono hamtoi mtu nje. Nipe mji."

Akampa mji. Kaka alielekeza kidevu tu kwenye friji.

"Safu moja, mdogo wangu. Ile ya chini. Kila duka la mtaa huu lina friji la namna hii. Watu hawaichukii soda yetu, wanachukia joto. Kikifungwa kiwanda kile, mimi kwa macho haya nitakagua nini?"

Mama Baridi akaiweka safu moja, chini, nyuma. Siku tisa tangawizi ilitoka kama maandazi ya asubuhi. Fundi viatu alikunywa mbili kwa mpigo, akasema, "Kumbe!" Kaka akitoka kazini anaiona safu imepungua, anatabasamu peke yake.

Siku ya kumi Bwana Tai akaja. Akafungua mlango wa kioo, akainama.

"Mama, tulikubaliana nini?"

"Ni safu moja tu, mwanangu."

Hakuwa na ukali, na hilo ndilo lililouma. "Zikitoka sasa hivi, mimi sijaona kitu. Zikibaki, gari lile pale. Nalibeba friji."

Mama Baridi akaanza kupiga hesabu. Akilini aliwaona wateja wakihamia duka la mbele, akawaona mabinti zake wawili wakirudishwa kutoka shuleni kwa kukosa ada. Alipogeuka, kaka alikuwa mlangoni na mkoba wake wa kazi, amesikia yote. Dada akamtazama. Laiti kaka angesema, "Mwache alibebe," angeliacha friji liende. Ndivyo alivyojiambia baadaye, na hakuwahi kuwa na hakika.

Kaka aliweka mkoba chini. Alipiga magoti, akaingiza mikono, akazitoa chupa mbili mbili na kuzipanga kwenye kreti. Mojawapo aliiinua kwenye mwanga, akaizungusha.

"Safi," alisema, kama anayejisemea.

"Asante, mzee," Bwana Tai akajibu.

Haikupita miezi minne, kiwanda kikafungwa. Lori la kukusanya chupa tupu halikuja tena.

"Si safu yako," kaka alimwambia. "Ni mtaa mzima, ni miji mizima. Usijitwike." Maneno mazuri, lakini hayakuutua mzigo.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," fundi viatu alianza kusema siku moja. Alipouona uso wa Mama Baridi, akarudi kugonga soli yake.

Kaka akaacha kupita dukani. Kwanza alisema miguu inamuuma. Kisha dada yake akawa anamwona ng'ambo ya barabara, mkoba begani, anatembea upesi upesi.

"Kaka! Pita basi ukae!"

"Nawahi, mdogo wangu, nawahi!"

Hakuwa na pa kuwahi, nao wote wawili walijua. Mama Baridi akamsindikiza kwa macho mpaka njia panda. Alipofika pale kaka akasimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, na akaendelea kusimama.