Kimya cha Aili

Mwalimu Marchetti, aliyefundisha kukusanya historia kwa mahojiano, alikuwa mkali kama pilipili. "Mkienda kumhoji mtu, msimlishe maneno! Akikuuliza wewe, nyamaza, atakijaza kimya mwenyewe. Mtafiti ni sikio, hana mdomo."

Aili, msichana wa mwaka wa pili chuoni, aliyashika hayo kama amri ya dini. Mtu wake wa kwanza kumhoji alikuwa babu yake, Toivo, aliyechimba chuma huko Minnesota ujana wake wote. Waliketi jikoni kwa mzee, kahawa mezani, kinasa sauti katikati.

Hata kabla theluji haijayeyuka, babu akafa, akazikwa. Sasa Aili yuko maktaba, anasikiliza yale mahojiano na kuyaandika neno kwa neno, maana kazi ni kazi, msiba au si msiba.

Kwenye kinasa, babu anasimulia mgodi ulivyofungwa, na mkewe alivyofariki. Kisha anaiacha hadithi.

"Nyumba imekuwa kubwa mno kwangu, mjukuu wangu. Jumapili utakuja tena?"

Kimya. Friji linanguruma.

"Aili? Si nakuuliza wewe? Utakuja?"

Kimya.

"Haya bwana," babu anacheka kidogo. "Kumbe leo nimetembelewa na chuo. Uliza swali lako."

Na Aili, kwa sauti kavu, anauliza habari za mgomo wa wachimbaji.

Aliandika yote, hata kile kimya, kama alivyofundishwa. Karatasi zikarudi na alama ya juu kabisa. Pembeni mwa kile kimya, mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Hongera! Wenzako wengi hapa wangejibu."